Mtahini Aje Karakanani: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Elimu ya Ufundi Mombasa

Kwa waheshimiwa mnaosimamia vyuo vya ufundi stadi katika Kaunti ya Mombasa, na kwa wenzenu wa serikali kuu wenye mitihani ya ufundi mikononi mwao.

KUH: WANAGENZI WA USEREMALA WASIO NA CHETI

Waheshimiwa,

Mwezi uliopita kijana wangu mmoja wa karakana alipakia dawati kwenye mkokoteni, akalivusha daraja la Nyali hadi ofisi moja kisiwani. Lilikuwa dawati la mfano. Palikuwa na zabuni ya madawati ya shule, na tangazo lilisema vijana wajitokeze. Afisa aliyempokea alilizunguka, akalikalia, akajitikisa kushoto na kulia, kisha akapitisha kiganja upande wa chini wa ubao, pale ambapo fundi mvivu huficha uvivu wake. Hakuchomwa na kibanzi hata kimoja. Akasema, "Kazi safi hii." Halafu akauliza cheti kiko wapi.

Cheti hakuna. Kuna miaka sita ya kushinda kwenye meza yangu ya kazi, lakini hiyo haina muhuri. Akarudi na dawati lake, mkokoteni ule ule, na mvua ikamkuta Kongowea.

Wiki tatu baadaye akaja mtaani kwetu bwana mmoja akitafuta mafundi. Ameshinda zabuni ya madawati. Ana kampuni, ana muhuri, ana cheti. Karakana hana, na sidhani kama ana hata nyundo. Madawati tuliyatengeneza sisi. Kijana yule yule ndiye aliyechonga ndimi za viungo, akatoboa matundu ya kuziingiza, akapiga msasa na kupaka vanishi, kwa malipo ambayo nikiyaandika hapa mtadhani nimesahau sifuri. Watoto wanayakalia sasa hivi. Kwenye makaratasi yametengenezwa na mtu mwenye sifa zinazotakiwa.

Bwana yule simlaumu, naye ana watoto. Wala siwaambii mtoe zabuni kwa kila anayejiita fundi, maana nimeona makabati ya watu wanaojiita mafundi. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imetenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na nia yake njema. Lakini mlango ukiwa wazi na kizingiti kikawekwa kifuani, kijana atapitia wapi?

Mngemuuliza alijifunza wapi, angewajibu: Kisauni, chini ya mabati, kwa mzee mkali. Mzee huyo ni mimi. Na kwa kuwa shule hii yangu haimo katika orodha yenu, naomba niwaeleze inavyofundisha.

Mwanagenzi akija kwangu, miezi mitatu ya kwanza hashiki mbao ya mteja. Anafagia maranda, anapanga mbao kwa unene wake, na ananoa. Kunoa ndiko kunakowafukuza wengi. Ubapa wa randa huchongwa kwa pembe ya kama digrii 25, kisha ncha yake ikainuliwa kidogo kwenye jiwe ifike kama 30, na mtu hufanya hivyo kwa mkono, bila kifaa cha kushikia, mpaka mkono wenyewe ujue. Mimi sina kipimo cha kumpa alama. Namwambia ajaribu ule ubapa kwenye nywele za mkono wake. Ukinyoa, amefaulu. Ukikwaruza, arudi kwenye jiwe.

Baada ya hapo tunamfundisha kusoma mbao. Mbao ina mkondo, kama maji. Ukipiga randa kwa kuufuata mkondo, maranda hutoka marefu, mepesi, yamejikunja kama utepe, na mlio wake ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukienda kinyume, randa inachimba, mbao inang'oka vipande, na mlio unakatika katika. Mimi macho yangu si ya zamani, lakini nikiwa nje nanunua kahawa nasikia nani ndani anapiga kinyume. Nampigia kelele kutoka barabarani. Watu wamenizoea.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha useremala kilichonipitia, labda kwa sababu vitabu hivyo vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Mbao ya Mombasa haiishi kama mbao ya Nairobi. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, upepo mkavu unaikausha na inasinyaa. Masika yakija, Aprili na Mei, inakunywa unyevu na kufura, na inafura kwa upana, si kwa urefu. Mlango ulioutosheleza vizuri Februari, ukafungika kwa kidole, Mei mwenye nyumba anaupiga teke. Atakwambia umemharibia. Hujamharibia, hukumwachia mlango nafasi ya kupumua. Kwa hiyo mwanagenzi wangu hufundishwa kuuliza mwezi kabla ya kuuliza kipimo. Tena hufundishwa asiweke msumari wa chuma mahali panapopata upepo wa bahari, kwa maana kutu ya Mombasa haina subira. Huko tunatumia skrubu za shaba, au tunatumia ulimi na tundu na kijiti cha mbao, tukaachana na chuma kabisa.

Miaka sita ya mambo hayo, halafu anaulizwa umesoma wapi.

Sasa naomba msinielewe vibaya kuhusu vyuo. Walimu wa vyuo vya ufundi wa kaunti hii baadhi yao ni rafiki zangu, na mwalimu wangu mimi alitoka chuoni. Alisoma katika ile taasisi ya elimu ya Waislamu ambayo wazee wetu waliiita MIOME, iliyokuja kuwa Mombasa Technical Institute 1966, kisha Mombasa Polytechnic 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Marehemu alikuwa akisema jina limebadilika mara nyingi kuliko meza za karakana. Alijua kuchora, alijua hesabu ya ngazi, na alijua kwa nini jambo linafanywa hivi na si vile. Mimi nilijua linafanywa vipi tu. Bila yeye ningekuwa nusu fundi.

Mwaka jana nilimpokea kijana mwenye cheti cha useremala cha chuo kimoja. Adabu nzuri, daftari zuri. Ukimwuliza aina za viungo, anakutajia zote bila kupumua. Nikampa randa na ubao wa paini, akaishika kama pasi ya nguo. Hakuwa mzembe. Aliniambia darasani kwao walikuwa thelathini na kitu, randa zinazofanya kazi zilikuwa mbili, na ubao waliofanyia mazoezi ulipitishwa mkono kwa mkono kama kitabu cha maktaba, mpaka ukawa mwembamba mno kushikika. Mtihani wa vitendo walimtazama mwenzao mmoja akifanya.

Basi hapo ndipo tulipo. Kule cheti kipo bila mbao, huku mbao ipo bila cheti, na kati ya pande mbili hizi pana mwendo wa dakika ishirini kwa matatu.

Nimekwenda kuuliza, si kwamba sikwenda. Ofisi ya kwanza iliniambia mafunzo ni ya kaunti, lakini mitihani si yao. Ofisi ya pili ikaniambia mitihani wanayo, lakini mafunzo ya karakana kama yangu si yao, niende kaunti. Nilipotoka hapo nilinunua madafu nikakaa Makadara kwenye kivuli, nikacheka peke yangu.

Nikamwomba mwanangu anitafutie Katiba. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kifungu cha 9, limewapa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya sayansi kimu. Limeandikwa wazi. Halafu kuna Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo ndani yake mna majaribio ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na mna habari za uanagenzi. Chini ya sheria hiyo waajiri hutoa ada ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa ajili ya mafunzo. Na ipo sera ya taifa ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa, tathmini ikathibitisha anajua kazi, akapewa cheti chake. Hivyo ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Kila kipande kipo. Vimelala sakafuni kama kabati ambalo halijaunganishwa.

Mimi mwenyewe gredi ya tatu ninayo, niliifanya ujanani kwa kusukumwa na mwalimu wangu. Vitendo nilipita vizuri. Nilipopanda gredi ya pili, katika kituo ambacho sitakitaja, nilianguka kwenye karatasi ya nadharia, iliyokuwa ya Kiingereza. Niliulizwa kitu ambacho nilikuwa nimekitengeneza asubuhi ile ile kwa mikono yangu, nisijue ndicho ninachoulizwa. Sisi tunasema tundu, tunasema ulimi, tunasema mwimo na kizingiti. Wao walikuwa na majina mengine. Niliacha nafasi tupu nne. Sikurudi tena, na hilo nakiri ni kosa langu, kiburi cha ujana. Lakini kila ninapowaona vijana wangu wakiisogelea fomu kama wanaosogelea mbwa wasiomjua, naijua hofu ile.

Mniruhusu nitoke nje ya njia kidogo niwapeleke Mji wa Kale.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kutengeneza mlango wa nyumba moja ya zamani upande wa Kibokoni. Mlango wa nakshi, mbawa mbili, mfaa katikati, yaani ule ubao wa kusimama unaoziba pengo la mbawa, mnyororo umechongwa kuzunguka miimo yote. Nadhani ni mbambakofi, kwa uzito wake na kwa jinsi ulivyoniharibia patasi. Milango ile haikai kwenye bawaba. Ubawa una kipini juu na chini, nacho huzunguka ndani ya tundu lililochimbwa kwenye kizingiti. Kipini cha chini kilikuwa kimelika, ubawa umelala, kila wakiufungua unakwangua sakafu. Kazi yenyewe ni kukata kile kipini kilicholika, kupandikiza kipya cha mbao ngumu vile vile, na kukiviringisha hadi kikae kwenye tundu la zamani bila kulegea wala kubana. Siku mbili nzima nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye kizingiti cha watu, paka wakinipita mgongoni.

Kijana wangu wa madawati alikuwa kando yangu anashika taa. Siku ya pili nikampa patasi. Leo kazi ile anaiweza. Mwenye nyumba aliniuliza mafundi wengine wa milango hii wako wapi, na niliowajua wote nikawataja kwa vidole, nikakuta wengine ni wa kuwaombea rehema. Wageni hushuka Fort Jesus, wakatembea mpaka Mji wa Kale kupiga picha milango hiyo hiyo. Nani atakayeitengeneza miaka ishirini ijayo? Atakuwa mtu aliyelala kifudifudi kando ya mtu mwingine. Sioni njia nyingine ya kulijua jambo lile.

Turudi kwenye maombi yangu.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa: mtahini aje karakanani. Mwanagenzi afanyiwe jaribio la gredi kwenye meza aliyojifunzia, kwa vifaa alivyovizoea, na mtu asiyemjua, asiyenijua mimi, aliyebeba mchoro ambao hatujauona. Ampe mbao na saa kadhaa. Akishindwa, ameshindwa, nami nitamrudisha kwenye jiwe la kunolea. Maswali ya nadharia yaulizwe kwa Kiswahili, hata kwa mdomo. Kama mna wasiwasi kwamba mafundi tutawapitisha watoto wetu wasiojua, wasiwasi wenu ni halali kabisa. Ndiyo maana nasema aje mtu wenu, si mimi niandike barua ya kumsifu.

Nina msichana mmoja kutoka Likoni, huvuka feri alfajiri, yuko kwangu mwaka wa tatu. Anachora nakshi kuliko mimi, jambo ambalo namwambia mara chache. Kwenda kituo cha mtihani kwake ni kupoteza siku za kibarua, nauli, na kukutana na mashine ambazo hajawahi kuziona. Mtahini akija Kisauni, yeye atakuwa anapanga patasi zake kama kila siku.

La pili ni mbao. Tangu marufuku ya kukata miti ya misitu ya serikali ilipotangazwa Februari 2018, bei ilituvuruga, na hata baada ya Rais kutangaza Julai 2023 kwamba imeondolewa, bei haikurudi ilikokuwa. Mbao ya mvule sasa naiangalia kama vito. Wenzetu wachongaji wa vinyago wa Changamwe walikwisha kuingia kwenye mwarobaini, kwa kuwa mpingo na muhugu vimeadimika, na mwarobaini hapa pwani umejaa. Ni mti mzuri, mchwa hawaupendi. Wanagenzi wangu nawafunzia kwa paleti za bandarini. Paleti nyingi ni paini safi, ukishang'oa misumari. Nawafundisha kutafuta muhuri: HT maana yake mbao ilipashwa moto hadi moyoni, digrii 56 kwa nusu saa, hiyo chukua. Yenye herufi MB ilipigwa gesi ya sumu, hiyo achana nayo, wala usiichome kupikia. Bandari ya Kilindini iko hapa hapa, na paleti zilizovunjika huuzwa kuni. Kaunti haiwezi kukaa na wenye maghala wakakubaliana kwamba sehemu ya paleti hizo ziende kwenye vyuo vya ufundi na karakana zenye wanagenzi? Lile darasa la randa mbili lisingegawana ubao mmoja.

Randa zenyewe, hilo nadhani mnalijua. Sitaki kulirefusha.

La tatu ni vidole. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto hakina pingili ya juu. Kilikwenda na msumeno wa mviringo usiokuwa na kinga, nilipokuwa kibarua kwa mtu, saa kumi jioni, nimechoka. Tajiri yule alinipa nauli ya hospitali na mapumziko ya siku mbili. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya 2007 ilikuwa bado haijaandikwa, na hata ingekuwapo sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba mimi ni mfanyakazi wake. Mwanagenzi asiyesajiliwa popote ndivyo alivyo hata leo. Akiumia, hakuwa pale. Mkiwaandikisha wanagenzi, hata kwa daftari la kawaida katika ofisi ya wadi, jina, karakana, tarehe aliyoanza, mtakuwa mmewapa ushahidi kwamba walikuwapo. Na mkija kuandikisha mtaona mashine zetu, mtukaripie zisizo na kinga. Tukaripieni. Mimi yangu nimeiwekea, lakini wenzangu wapo wanaoiondoa kwa sababu inawachelewesha, na nimegombana nao.

Nyumba za bei nafuu zinajengwa, na wenye mishahara wanakatwa asilimia 1.5 kwa ajili yake. Tulisikia redioni kwamba milango na madirisha yatatoka kwa mafundi wa jua kali. Tulifurahi, tukapiga hesabu. Mlango mmoja ukiwa na ukubwa mmoja unaojulikana, karakana kumi za Kisauni zinaweza kuutengeneza sawasawa, huyu afanye miimo, yule mbawa. Tatizo letu hatuna namna ya kumthibitishia mnunuzi kwamba mlango wa karakana ya tatu ni sawa na wa karakana ya saba. Cheti cha gredi kingesaidia hapo, maana kingemwambia ni mikono ya aina gani iliyoushika. Bila hicho, kontena litateremshwa Kilindini lenye milango ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi, ipitishwe mbele ya karakana zetu juu ya lori, na masika yakija ifure kama mkate kwenye chai.

Barua hii nimeandikiwa na mwanangu kwa simu, mimi nasema yeye anaandika, na tumebishana maneno mawili matatu. Yeye alitaka iwe fupi.

Karakana yangu si ngumu kuipata. Ukishuka stejini Kisauni, uliza fundi anayepiga kelele barabarani. Tunafungua saa moja asubuhi. Mtahini anaweza kuja siku yoyote bila kuniarifu, na ingekuwa bora asiniarifu, isipokuwa Ijumaa, kwa kuwa tunafunga saa sita kwa sala na hatufungui tena hadi saa nane.

Wenu,
Fundi seremala,
Kisauni, Mombasa